Upande Mmoja wa Kombe la Bahari

Kila nikipita Kasongo kuna kijana ananishika mkono na kuniuliza mawe yangu yako wapi. Jiwe kubwa la kusagia, lile jekundu lenye shimo katikati kama sahani, liko Wamaza nyuma ya nyumba ya dada yangu, na kuku wanalinywea maji. Jiwe dogo lilipasuka njiani. Diski ya chuma nilimrudishia motari, yule wa kubeba abiria kwa pikipiki, aliyenitengenezea. Kilichobaki cha kuwapa ninyi vijana ni maneno, nayo hayaong'ai hata uyasugue vipi.

Bado sijafika miaka hamsini. Mtu wa umri wangu akisema amestaafu, watu wanacheka na kumuuliza alikuwa anafanya kazi serikali gani. Lakini kifua changu kilistaafu kabla yangu. Nikipanda kilima cha kuingia Kabambare nasimama mara tatu, nikijifanya natazama mashamba ya watu.

Kazi yangu ilikuwa makombe. Kumtoa chaza mtoni, kusafisha gamba lake, kulikata na kulisaga mpaka kitoke kitu cha kuvaa: vifungo, hereni, misalaba midogo ya rozari, na vile vipande vya duara ambavyo wazee wa mila hushona kwenye kofia zao. Nimetengeneza maelfu, nayo yametawanyika kwenye mashati na shingo za watu kutoka Kasongo mpaka Lusangi, wala sikumbuki hata moja. Ninalolikumbuka ni lile nililoliharibu. Kwa sababu ya kombe lile kuna mama mmoja wa Kabambare ambaye binti alikuja kuketi mbele yake, na mpaka leo hajui kama yule alikuwa mtoto wake.

Nitafika huko. Lakini kwanza lazima mjue tulivyofundishwa, la sivyo hamtaelewa jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kufanya upumbavu kama ule.

Aliyenifundisha alikuwa Muzee Leonardi, wa pembeni mwa Kasongo, mtu wa kanisa, mfupi, mwenye vidole vilivyokauka kama mizizi ya muhogo. Nilimfikia nikiwa nimemaliza sekondere, na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimezunguka nayo mwaka mzima na hakuna mlango uliofunguka.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Niko na diploma, muzee."

"Ya chaza?"

"Ya ualimu."

"Ah. Basi chaza hawatakuogopa."

Alinipeleka mto Luama, akaniambia nivue viatu. Chaza wa mto hatafutwi kwa macho, maji yetu hayaruhusu. Anatafutwa kwa nyayo. Mnaingia pale mto unapopinda, penye mchanga uliochanganyika na tope kidogo, maji ya kiunoni, mnasogea polepole kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mkihisi kitu kama ukingo wa kisahani kimesimama wima, ndiye huyo. Amejizika, ameacha mdomo tu juu, anavuta maji ndani, anayachuja, anayatoa. Hiyo ndiyo kazi yake mchana na usiku, na maji yanayotoka kwake ni masafi kuliko yaliyoingia.

Aliyekuwa mdogo kuliko vidole vitatu tulimrudisha. Mkubwa tulimfungua kidogo sana kwa kisu butu, upana wa ukucha, tukachungulia. Ukiona matamvua ya ndani yamevimba, mazito kama uji, basi huyo ni mama, amebeba watoto. Mrudishe pale pale ulipomtoa, mdomo juu. Kisha Leonardi alikuwa na sheria moja ambayo sikuielewa: hakuruhusu mtu kutega nyavu pale penye chaza. "Samaki ndio wanalea wale watoto," alisema. Niliona ni hadithi za wazee. Miaka mingi baadaye profesa mmoja, mwalimu wa biolojia wa sekondere, pale Kasongo, aliniambia ni kweli tupu: mtoto wa chaza wa mto, akitoka kwa mama, anajishikiza kwenye mwili wa samaki, anasafiri naye mpaka akomae, ndipo anaanguka mchangani kuanza maisha yake. Samaki wakiisha, chaza wazee wanaendelea kuzaa, lakini watoto hawana wa kuwabeba.

Kosa langu la kwanza nililifanya wiki ile ile. Nilichoka kuwafungua kwa kisu, nikawatia wote kwenye sufuria na kuwachemsha. Walifunguka vizuri kabisa! Nikampelekea kwa furaha. Leonardi akachukua kombe moja, akalikunja kidogo kwa vidole, likamegeka kama mkate mkavu. Moto ulikuwa umeua mng'aro wote. Hakunigombeza. Alinipakulia ile nyama, ambayo ni ngumu kama tairi, akanilisha siku mbili.

"Tafuna, profesa. Tafuna. Diploma iko na meno."

Sasa sikilizeni njia yenyewe. Kombe la mto kwa nje ni jeusi au la kijani cheusi. Ile ni ngozi. Unaliloweka kwenye maji ya majivu, kesho yake unaikwangua ile ngozi kwa kisu. Chini yake unakuta tabaka la chokaa lisilo na sura. Hapo unachukua jiwe na maji, maji mengi, usisage kamwe kombe kavu, na unasaga taratibu mpaka lulumizi itokee, ule weupe unaocheza rangi kama mafuta juu ya dimbwi. Siku mbili kwa kombe moja, au tatu. Hakuna kombe la Luama lililowahi kutudanganya. Chini ya weusi kuna chokaa, chini ya chokaa kuna weupe. Nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwenda kwetu.

Leonardi alikuwa na mazoea mengine yaliyonichekesha. Kombe likifika, hata liwe la kawaida namna gani, halikuguswa siku ile. Aliliweka juu ya kopo kuukuu karibu na dirisha. Alipita, akaligeuza. Akaenda kula, akarudi, akaligeuza tena. Aligonga kwa ukucha, akasikiliza. Aliliweka kwenye mwanga kutafuta ufa. Siku nzima ikapita hivyo, kwa kombe la vifungo!

"Muzee, tunangoja nani?"

"Tunangoja macho. Mikono iko mbio kuliko macho."

Alipofariki nilirithi mawe, nikayabeba mgongoni na kuanza kuzunguka. Sikuweza kukaa mahali. Kasongo miezi miwili, Wamaza msimu wa mpunga, Kabambare, Lusangi kwa wachimba dhahabu ambao wakipata kitu wanataka kujipamba siku hiyo hiyo. Nilipenda kufika mahali nisikojulikana na kutandika gunia langu. Mpaka leo nikilala nyumba moja zaidi ya mwezi mguu unaniwasha. Ila mazoea ya kopo na dirisha niliyaacha Kasongo. Msafiri hana dirisha.

Kisha ikaja masini. Motari mmoja rafiki yangu, Shabani, alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa pikipiki yake mwenyewe. Tuliisimamisha kwenye stendi, tukatoa tairi la nyuma, tukapitisha ukanda wa mpira kwenye rimu mpaka kwenye mhimili wenye diski ya kusagia. Akitia gesi, injini ikikimbia, diski inalia kama nyuki. Kazi ya siku mbili ikawa ya muda wa kuivisha fufu ya muhogo. Watu walikuja kutazama.

"Fundi, hii ni masini ao helikopta?"

"Sogea, ndugu, isikubebe."

Maji hatukutumia, kwa sababu yaliruka na kuharibu ukanda. Tulisaga kavu. Vumbi jeupe lilitufunika kope, tukacheka, tukaitana wazungu. Lile vumbi ndilo ninalolikohoa mpaka leo. Shabani naye anakohoa.

Masini hiyo ilikuwa imesimama Kabambare, nyuma ya soko, siku Mama Pascalina alipofika.

Nilimfahamu kidogo, mama mkulima wa ukoo ulioketi pale tangu zamani, mrefu, msemaji, mwenye utani. Siku ile hakutania. Alifungua fundo la kitenge, akatoa kitu cheusi tititi, upana wa kiganja cha mtoto, kizito. Kombe, upande mmoja. Umbo lake halikuwa la Luama. Lilikuwa nene, lenye tumbo la mviringo.

"Ni ya baharini," akasema. "Baba ya bibi yangu alikwenda pwani na mizigo ya watu kichwani, akarudi na kikapu cha hizi. Familia nyingi hapa zilikuwa nazo. Hii yetu ilikuwa mbili, zimefungana."

Akanieleza habari ambayo nusu ya Kabambare iliijua. Wakati wa vita walikimbia mchana, kila mtu na alichoweza kubeba. Yeye alikuwa na mtoto mchanga kifuani na mzigo kichwani, na binti yake wa miaka minne alikuwa mgongoni kwa jirani. Kabla ya kuondoka alitenganisha zile pande mbili za kombe. Mmoja akaufunga kwenye nguo ya binti, mwingine akabaki nao. Njiani risasi zilisikika, watu wakatawanyika porini. Jirani hakuonekana tena, wala binti. Mtoto mchanga alifia njiani. Mama Pascalina aliporudi nyumbani alitundika upande wake kwenye msumari jikoni, juu ya mafiga, na ukakaa katika moshi miaka yote ile.

"Sasa motari mmoja alinileteya habari," akasema. "Kuko mwanamuke Lusangi, anapikia wachimba dhahabu kule kariere. Anavaa upande wa kombe, na milima milima juu yake. Hajue kwao. Yule aliyemulea alimuokota. Nimemutumia neno. Anakuja juma hili."

"Mungu akubariki, mama."

"Asinibariki kwanza. Kombe za vile haziko mbili tu, wengine wanauzisha hata kariere. Nataka kuziweka pamoja, nione. Kama ni yeye, zitakubaliana. Lakini angalia hii, iko nyeusi kama sufuria. Isafishe, fundi. Mutoto asikute kitu cha aibu."

"Kesho asubuhi, mama, utajiona ndani yake kama kioo."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayarudia hapa ili nanyi myasikie.

Niliuloweka upande ule kwenye maji ya majivu mpaka kesho yake. Masizi yakatoka, na chini yake ikaonekana mistari. Mistari ya kahawia, inapanda na kushuka, kama milima, kama paa za nyumba nyingi zimesimama moja nyuma ya nyingine. Nakumbuka nilifikiri: masizi haya yameingia ndani sana. Mnaelewa? Niliona mapambo yale nikadhani ni uchafu. Mama alikuwa ameniambia kwa mdomo wake habari ya milima milima, na nilisikia, na bado mikono ikashika kisu. Kilipokataa kukwangua, nikamwita Shabani atie gesi.

Mistari ilifutika kwa pumzi chache. Nikangoja lulumizi. Ikatoka chokaa nyeupe, nzito, butu. Nikasema iko chini zaidi. Nikabonyeza. Chokaa. Shabani akapiga kelele juu ya mlio wa masini, "Fundi, hiyo haing'ae!" Nikamjibu, "Iko mbali, ya baharini ni nene!" Nikaendelea. Kwenye jiwe la Leonardi ningehitaji nusu siku kufuta mstari mmoja, na katika nusu siku hata mpumbavu anapata nafasi ya kuangalia anachofanya.

Na kwa kuwa nilitaka kumpendeza, sikuishia hapo. Ukingo ulikuwa umemegeka kidogo, nikausawazisha. Pale mgongoni penye bawaba, kulikuwa na meno madogo yaliyochomoza. Nikayasaga yawe bapa, ili likae vizuri shingoni. Ndani nako kulikuwa na alama mbili kama vidole vilivyobonyezwa kwenye unga, nikazisugua kwa msasa mpaka zikaondoka. Sikuacha kitu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama Pascalina alipokuja alilitazama katika kiganja changu bila kulichukua.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Yangu ilikuwa na milima."

Shabani akainama chini ya pikipiki, akitafuta kitu ambacho hakikupotea.

"Fundi. Milima iko wapi?"

Ilikuwa chini, miguuni petu, na kwenye kope zetu. Vumbi.

Alipoondoka nilijaribu kuchora. Nilisaga makaa na magome, nikapata rangi ya kahawia, nikanoa kijiti. Nilijua namna ya kuchora milima, mtoto yeyote anajua. Sikujua nianzie wapi. Ulikuwa mlima mkubwa upande gani? Mistari ilifika ukingoni au iliishia njiani? Ilikuwa mingapi? Niliifuta na kuichora mara nne, kila mara ikawa nyingine, na zote zilionekana za kweli. Nikaosha, nikaacha.

Binti alifika siku ya tatu, juu ya pikipiki, amejaa vumbi jekundu. Aliitwa Feza, jina alilopewa na aliyemlea. Mwanamke mwenye nguvu, mwenye sauti ya watu wa kariere, mikono ina alama za mafuta ya moto. Mama Pascalina aliniita niwepo. Alisema niliyeharibu nije nione.

Hawakukumbatiana. Walisimama wakitazamana, kila mmoja akingoja mwingine aanze. Kisha Feza akavua kamba shingoni, akaweka kombe lake juu ya mkeka. Mungu wangu, lilikuwa zuri. Milima juu ya milima, kahawia juu ya rangi ya maziwa, na meno ya bawaba yote yamesimama.

Mama akaweka lake kando. Kisha akachukua yote mawili na kujaribu kuyafunga. Upande wa Feza ulikuwa na meno, ule mwingine haukuwa na mahali pa kuyapokea. Likateleza. Akajaribu tena, akageuza. Likacheza mkononi mwake kama kifuniko cha sufuria nyingine. Ukubwa ulikaribiana, lakini nilikuwa nimekula ukingo.

"Weye unakumbuka nini?" akamuuliza.

"Sikumbuki kitu, mama. Majani. Mugongo ya mutu. Wakaniita Toto."

"Watoto wote waliitwa Toto."

"Ndiyo."

Majirani walianza kusema. Huyu aliona pua ni ileile, yule akasema hapana, pua hii ni ya Wazimba. Vile vipimo vya damu tunavyovisikia redioni, sisi hatuna hata barabara ya kuvileta. Mama Pascalina akainua mkono, wakanyamaza. Akanigeukia.

"Fundi, weye peke yako uliona zote mbili. Hii yangu ilipotoka majivu, uliiona safi. Na hii unaiona sasa. Mimi, macho yangu, moshi ule, miaka ile, nakumbuka tu milima. Weye sema. Ni moja ao si moja?"

Feza alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile kabla wala baada ya hapo.

Neno moja lingetosha. Ndiyo. Wangelia, wangecheza, pale pale mama angechinja kuku. Na huenda ingekuwa kweli! Lakini nilitafuta kichwani mwangu, nikakuta kisu, nikakuta mlio wa diski, nikakuta furaha yangu mwenyewe. Kombe sikulikuta.

"Sikuangalia, mama," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kama ule ulikuwa ukweli au woga.

Feza alikaa majuma mawili na siku mbili. Alipika, alichota maji, alilima. Mama alimpa chakula kizuri na kitanda kizuri, kama mgeni. Siku aliyoondoka nilimkuta barabarani akingoja motari.

"Unarudi kariere, dada?"

"Narudi. Ananitazama kila siku, fundi. Anatazama masikio, anatazama vidole. Kama mutu anayesoma barua na hajue kama ni yake. Miye sikuja kusomwa."

Kombe lake alikuwa nalo shingoni, ndani ya blauzi.

Nilikwenda Kasongo kwa yule profesa wa biolojia, nikampelekea upande nilioharibu, nikamuuliza kama kuna dawa. Aligeuza geuza, akauliza nani alifanya hivi. Nikamwambia. Akaketi chini, akanieleza kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi. Chaza huyu wa baharini, alisema, hana lulumizi hata kidogo. Uzuri wake wote uko nje. Gamba linajengwa ukingoni na nyama laini iliyo ndani, kidogo kidogo, kama mtu anayeongeza pindo la nguo yake, na ile nyama ndiyo inayotia rangi. Mahali fulani inatia, mahali inapumzika, kesho inasogea kidogo. Ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Wawili hawafanani, hata waliokua mchanga mmoja. Lakini pande mbili za chaza mmoja zinafuatana kama mikono yako miwili. Na meno ya bawaba yanakua pamoja, hili likijaza nafasi ya lile, hayakubali wengine. Hata zile alama za ndani, ni pale misuli yake iliposhikilia, kushoto na kulia.

"Kwa hiyo kulikuwa na njia tatu za kujua," nikasema.

"Ziko tatu, ndiyo." Akahesabu kwa vidole, kisha akaona uso wangu, akashusha mkono.

Nikamuuliza jambo moja zaidi, kwa sababu lilikuwa linanisumbua. Huyu mnyama anapambwa hivyo ili nani amwone?

"Hakuna," akasema. "Anaishi amejizika mchangani maisha yake yote, anatoa mirija miwili tu. Milima ile haionekani mpaka afe na maji yamtupe juu."

Mwaka uliofuata nilikwenda Lusangi kumtafuta Feza. Sikujua ningemwambia nini. Labda lile neno 'ndiyo' nililomnyima. Pale alipokuwa na jiko lake kulikuwa na shimo limejaa maji ya njano. Kijana aliyekuwa akiosha mchanga aliniambia Feza alihama na watu wake, kariere ilikauka, wamekwenda kariere nyingine, ziko nyingi. Nikafuata tatu. Kifua kikakataa ya nne.

Njiani nikirudi nilishuka Luama, kwenye mpindo wa Leonardi. Maji yalikuwa mazito kama chai ya maziwa, tope la wachimbaji wa juu ya mto. Nikavua viatu, nikaingia, nikatafuta chaza kwa nyayo. Wako. Mkipita mtasema wako wengi, kazi itaendelea. Nilitoa ishirini, nikawapanga ukingoni. Wote wazee, wakubwa kuliko mkono, pete za umri kwenye gamba zimebanana. Nikatafuta mdogo wa vidole vitatu, wa viwili, wa kimoja, mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna. Samaki wameisha, na tope linaziba yule mchanga wa kuangukia. Wale ishirini nilimrudisha kila mmoja mahali pake, mdomo juu. Wataendelea kuchuja maji mpaka wa mwisho afe, kisha itakuwa basi.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza mawe yako wapi, mnataka kusaga nini?

Lakini mtafanya kazi nyingine. Mtatengeneza redio, simu, meno ya watu. Kuna siku mtu ataweka kitu mkononi mwenu na kusema kisafishe. Kiacheni siku moja. Kigeuzeni. Mkiwa na karatasi, kichoreni kabla ya kukigusa, hata vibaya. Mimi nilikuwa na daftari la sekondere ndani ya gunia, na kalamu.

Kombe lile ninalo mimi. Mama Pascalina hakulitaka. "Beba," alisema, "hii ni kazi yako." Kila nikipita Kabambare napita kwake, maana siwezi kutopita. Anatoa kigoda, anapakua ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, anangoja ninawe mikono.

"Umekumbuka?"

"Bado, mama."

"Basi kula. Pengine ukishiba."

Jikoni kwake ukuta wote ni mweusi kwa moshi, isipokuwa pale juu ya mafiga, kwenye msumari. Kombe lilipotoka liliacha alama nyeupe, umbo lake kamili, bila mistari. Nakula polepole nikiitazama. Kila nikirudi naikuta imeingia weusi kidogo zaidi.